Maji ya Zambarau

Ubao wa habari wa mtaa wetu umesimama njia panda, kati ya duka la dawa na ukuta wa bwawa la kuogelea, na mwandishi wake ni mimi. Wananiita Chaki. Riziki yangu naipata kwa kuchora mabango ya maduka. Ubao ni kazi ya kujitolea na malipo yake ni lawama. Jioni watu wakirudi makazini nasimama pale, na mwenye habari anasogea. Ndoo ya bluu iliyoazimwa irudishwe, aliyenayo anajijua. Binti wa kinyozi amefaulu mtihani. Mambo kama hayo.

Kuna sharti moja, na hata Mwenyekiti wa mtaa halivunji. Mwenye habari huisema mwenyewe, kwa sauti, amesimama kando ya ubao mbele za watu, na mimi naandika neno kwa neno. Siongezi, sipunguzi, wala sipokei habari ya kutumwa. Sharti hilo lililetwa na wambeya. Zamani mtu alikuwa anapenyeza kikaratasi chini ya mlango wangu, kesho yake mtaa mzima unagombana, naye anatazama dirishani kwa raha zake. Tukasema basi, anayetaka kusema tumwone sura. Na kikishaandikwa, hakifutwi mpaka Jumapili asubuhi. Ukijuta, utajuta huku unapita mbele yake kila siku.

Nalieleza sharti hili mapema kwa sababu wiki ile nilijificha nyuma yake, na mke wangu akajificha nyuma yangu.

Mke wangu ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Fundi, nami namwita hivyo hivyo nikiwa na shida ya kifungo. Bwawa lilipokuwa linakarabatiwa, baada ya kufungwa muda mrefu mpaka watoto wakadhani lile ni jalala lenye vigae, yeye ndiye aliyewakusanya wanawake kwenda kudai saa yao. Saa moja tu kwa wiki, lango limefungwa, wanaume nje. Mwenyekiti alizunguka weee, akatafuta kila kisingizio, mwisho akakubali kwa shingo upande.

"Lakini ni majaribio," alisema. "Likitokea la kutokea upande wenu, saa inaondoka. Na asije mtu kulia kwangu."

Fundi alirudi nyumbani anacheka peke yake. Akapata jora la kitambaa cha kuvutika, zambarau iliyokolea, akaanza kushona. Mikono mirefu, suruali mpaka chini ya goti, vazi ambalo hata bibi mwenye aibu zake angelivaa. Alishona mpaka mguu ukavimba kwa kukanyaga cherehani. Nilimuuliza kama kitambaa hakitachuja rangi, akanitazama kama nimemtukania ukoo.

"Nimekiloweka kwa sabuni. Nimekiloweka kwa chumvi. Nimekianika juani. Unanifundisha kazi?"

Ndivyo mafundi wote wa kwetu wanavyopima kitambaa: sabuni, chumvi, jua. Hakuna aliyewahi kushona nguo ya kuingia nayo kwenye maji yenye dawa, maana bwawa halikuwepo.

Mtunza bwawa waliyemwajiri ni kijana wa mtaa huu huu, tunamwita Filimbi kwa sababu ya filimbi anayoivaa shingoni hata akienda dukani. Ni mtu mzima sasa, lakini mikononi mwetu alikulia, na kabla ya hapo hakuwahi kupata kazi ya maana. Mama yake alikuwa mmoja wa walioshonewa. Siku ya ufunguzi, Jumapili, alikuja ubaoni asubuhi nilipomaliza kufuta, akasimama wima.

"Andika, mzee. Maji ni safi. Vigae vya chini vinaonekana. Karibuni nyote."

Akamgeukia mke wangu aliyekuwa kando yangu na furushi la nguo. "Shikamoo, Mama Fundi."

"Marahaba, baba. Leo utatuona."

"Siwaoni, mama, nitakuwa nimegeukia ukutani!" Tukacheka wote.

Asubuhi ile tuliogelea wanaume na watoto, na adhuhuri Filimbi akaongeza dawa mbele ya macho yetu, kama alivyofundishwa. Kisha wanaume tukatolewa. Filimbi akaenda kukaa chumba cha pampu. Nje ya ukuta tulisikia vigelegele, vicheko, mtu anaogopa, mtu anamwambia mwenzake jikaze. Mwenyekiti mwenyewe alitabasamu, maana na mkewe alikuwa ndani. Halafu kelele zikapungua. Halafu zikakatika kabisa.

Wanawake walitoka haraka, wamejifunga mataulo mpaka chini, hawatutazami. Tulipoingia tukakuta maji yamekuwa zambarau. Si kidogo. Ngazi ya chini haikuonekana.

Mwenyekiti alishika kichwa. "Nini hiki?"

Wanawake wachache walikuwa wamebaki karibu na lango, mke wangu na mke wa Mwenyekiti miongoni mwao. Mke wa Mwenyekiti ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Labda ni dawa."

"Dawa! Si nilimwona akimimina?" Mwenyekiti akageuka huku na huku. "Fundi, nyinyi mlikuwemo. Ni dawa?"

Mke wangu aliinamisha kichwa, akakiinua. Mtu angeweza kusema alikuwa anatazama viatu vyake tu. Mimi nimelala kitanda kimoja naye miaka mingi, najua anavyosema ndiyo.

Filimbi hakujitetea. Watu wamejazana ukingoni wanamfokea, yeye kachukua mpira wa maji anaosha sakafu, kutoka bwawani mpaka mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, harakaharaka, kama mtu anayezima moto. Nikadhani kachanganyikiwa. Nilimhurumia hata.

Jioni ile Mwenyekiti alisimama kando ya ubao. Alisema, nikaandika: "Mtunza bwawa amekosea dawa. Bwawa limefungwa. Jumamosi kamati itakaa kumwondoa kazini." Mwandiko wangu ulitoka mzuri sana siku hiyo, kwa bahati mbaya. Wapita njia walikuwa wanasoma bila hata kupunguza mwendo.

Nyumbani Fundi alipika, tukala. Baadaye nikasikia cherehani inakwenda, kumbe haina uzi.

Jumatatu nilirudi mapema kuchukua brashi nikamkuta uani amechuchumaa mbele ya beseni. Ndani ya beseni kulikuwa na kipande cha kile kitambaa, na pembeni chupa ya ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, jamii moja na dawa ya bwawa. Maji ya beseni yalikuwa yaleyale niliyoyaona bwawani. Aliniona. Akasimama, akayamwaga yote chini ya ukuta, na pale chini ya ukuta pakabaki na doa hadi leo.

"Kwa sabuni hakichuji," alisema.

"Naona."

"Nilikipima."

"Najua ulikipima."

"Sasa unanitazamia nini hivyo? Wewe ndiye mwandishi. Kama unajua, nenda ukaandike."

"Siandiki habari ambayo mwenyewe hajaisema. Unajua sharti."

"Basi na mimi sina habari."

Akaingia ndani. Nami nikachukua brashi zangu nikaenda kupaka rangi mlango wa bucha, najiambia sharti ni sharti. Nilikuwa na haya, haya za kweli, zile zinazomfanya mtu apige mluzi barabarani ili aonekane hana neno. Maana sharti linanikataza kuandika. Halinikatazi kumwendea Mwenyekiti nikamwambia, "Ndugu yangu, siyo dawa." Sikwenda. Nilijiambia saa ya wanawake itaondoka, nikajiambia mke wangu atachekwa, nikajiambia Filimbi bado ana nguvu na atapata kazi nyingine. Wakati anapata hii ya kwanza nilikuwepo, nakumbuka mama yake alivyolia.

Kijana mwenyewe, kazi ilikuwa inamponyoka na bado alikuwa anaifanya. Kila siku alipita mbele ya baraza letu na ndoo na brashi ya kusugulia vigae. Maji alikuwa ameyatoa, sasa anatoa rangi ukutani, na hakuna aliyemtuma. Na kila akipita, anasimama.

"Shikamoo, Mama Fundi."

Siku ya kwanza Fundi aliitikia vizuri. Siku ya pili ikatoka nusu, "Mara...", nyingine akaimeza, akajifanya anauma uzi. Siku ya tatu akisikia ndoo inagonga kwa mbali anahamisha kiti anaingia ndani, na mimi ndiye ninayebaki barazani kupokea salamu za watu wawili.

"Mama hayupo?"

"Yupo, yupo. Ana kazi."

"Basi msalimie, mzee." Akaenda zake.

Kutoka ndani nilisikia anafungua na kufunga mtoto wa meza, anafungua na kufunga.

Ijumaa mchana akaja mama yake Filimbi. Mimi nilikuwa barazani nachanganya rangi, mlango uko wazi, nikasikia kila kitu. Ni mama wa maneno machache, mwenye miguu mizito, anavaa ndara mwaka mzima. Alikuwa ameleta lile vazi la zambarau kwenye mfuko.

"Fundi, mpira wa mkononi umelegea. Nirekebishie."

"Kwani utavaa wapi sasa, dada?" Mke wangu alijaribu kucheka. "Bwawa lenyewe limefungwa."

"Litafunguliwa."

Fundi akamvalisha mkono mmoja ili apime, kisha akapiga magoti atazame na pindo la chini. Niliinua macho. Alikuwa anatazama visigino vya yule mama. Vilikuwa na zambarau, imeingia kwenye nyufa na kugoma kutoka, na mwenyewe hakufanya juhudi yoyote ya kuvificha. Alikuwa ametembea hivyo sokoni, dukani kwa mangi, kila mahali, wiki nzima.

Hapo nikaelewa, na nadhani Fundi naye alielewa papo hapo. Kila mwanamke aliyeingia majini siku ile alirudi kwake na miguu ya rangi hiyo. Kila mmoja alijifungia akajisugua, na dawa haitii ngozi rangi ya kitambaa. Wanajua wote. Tulidhani tunaficha siri, kumbe tulikuwa tunawafichia watu kitu walichokanyaga wenyewe.

"Dada," Fundi alisema akiwa bado chini, "nyumbani... mwanao anasemaje kuhusu maji?"

"Anasema ni dawa."

"Anaamini hivyo?"

"Aliona nyayo zenu sakafuni, akaziosha. Nilitaka kuja kusema siku ileile, akanishika mkono. Kasema saa ile mmeipata kwa taabu, na wewe ndiye uliyeipigania, tukitaja nguo itaondoka. Yeye kazi atatafuta. Kaniapisha nisiseme." Akavua ule mkono taratibu. "Sasa mimi sijasema, Fundi. Nimeleta nguo tu irekebishwe."

Akaaga. Hata sauti hakuipandisha. Angetutukana ningemshukuru.

Fundi alibaki amepiga magoti pale alipo. Nilisogea mlangoni.

"Kijana alikuwa anaosha nyayo," alisema, "na mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa."

"Hata mimi niliona."

"Uliona ukaandika."

"Niliandika."

Jioni ilipofika nilikwenda ubaoni kama kawaida, na palikuwa na watu wengi kuliko kawaida, kwa sababu kesho yake kamati inakaa na kila mtu alitaka kusikia kabla ya kusikia. Mwenyekiti alikuwepo na mkewe. Filimbi alikuwa kwenye lango la bwawa, ameegemea mnyororo uliolifunga, anatazama mbali. Kinyozi alisema habari yake ya kufunga mapema. Nikaandika. Nikauliza kama ninavyouliza siku zote, "Kuna mwingine?"

Mke wangu alitoka katikati ya watu, lile vazi la yule mama liko mkononi, akasimama kando ya ubao. Upande wa kushoto, pale pale anaposimama kila mtu. Miaka yote hajawahi kusimama pale. Alikuwa akisema nyumba moja haiwezi kuwa na wapiga domo wawili.

Ilibidi niulize. Sharti.

"Habari ya nani?"

"Habari yangu."

"Sema."

Alikohoa. "Maji hayakuharibiwa na dawa."

Chaki yangu ni ya kuandika taratibu, herufi za bango, nikizidisha haraka inakatika. Nilitamani kuandika mbio niimalize ile adhabu, nikashindwa. Kila neno alilolisema alilazimika kusubiri limalizike, amesimama, anatazamwa. "Ha-ya-ku-ha-ri-bi-wa," watoto wanasoma kwa sauti nyuma yangu. Mtu akawanyamazisha.

"Endelea," nilisema.

"Yaliharibiwa na nguo. Nguo zimechuja rangi."

Mwenyekiti akasogea mbele. "Nguo gani?"

"Subiri niandike," nilimwambia. Nikaandika. Kisha nikamgeukia mke wangu, na hili nililiuliza kwa sababu ningemuuliza mtu mwingine yeyote, nisingemwacha apite na sentensi isiyo na mwenyewe. "Nguo zimeshonwa na nani?"

Alinitazama. Hakunichukia, hilo lingekuwa rahisi.

"Zimeshonwa na mimi."

Nikaandika hilo pia.

"Nilijua tangu Jumatatu," aliendelea, "nikanyamaza. Na Jumapili nilipoulizwa niliitikia kwa kichwa kumsingizia Filimbi. Yeye hakukosea kitu." Akainua lile vazi watu walione. "Rangi hii hapa. Atakaye kuhakikisha alete beseni."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa vicheko, nimejikaza kisabuni, na havikuja. Wanawake walikuwa wanatazama chini kila mmoja peke yake, mmoja anavuta pindo la gauni kufunika vifundo vya miguu. Mwenyekiti aliwatazama wao, akaitazama miguu yao, mwisho akamtazama mkewe.

"Na wewe ulijua?"

Mke wa Mwenyekiti alifungua mkoba wake, akatafuta humo kitu ambacho hakikuwemo.

"Mimi ndiye niliyesema dawa," alisema ndani ya mkoba.

"Useme kwa sauti uandikwe," alisema mama yake Filimbi kutoka nyuma.

Naye akasogea, maskini, akasema, nikaandika. Ubao ukawa umejaa mpaka kwenye fremu.

Mwenyekiti alikuwa mwekundu wa macho. Yeye ndiye aliyempakazia mtu hadharani, na maneno yake bado yalikuwa pale juu kabisa, yanasomeka vizuri. "Filimbi," aliita bila kumwangalia, "kesho hakuna kikao. Bwawa ni lako, endelea na kazi." Akageukia upande wa wanawake. "Na ile saa ya wanawake, imesimama. Nilisema. Mpaka hapo tutakapoona."

Sauti moja ya kuguna ikapita kwa wanawake. Hakuna aliyebisha. Fundi naye hakubisha. Aliikunja ile nguo mara mbili, mara tatu, mpaka ikawa ndogo kama leso.

Filimbi alikuwa ameshafika mbele. Watu walimpisha. Sura yake haikuwa ya mtu aliyeponea chupuchupu, ilikuwa ya mtu aliyepoteza kitu alichokuwa anakilinda. Alisimama mbele ya mke wangu na mdomo ukafunguka, na wote tulijua atasema nini, kijana yule hajui kukutana na mkubwa wake bila kumwamkia.

Mke wangu akamtangulia.

"Shikamoo," alisema.

Mama mwenye wajukuu, kumwambia kijana ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni. Mtoto mmoja alicheka, akapigwa kofi la kisogo.

"Mama, usinifanyie hivyo," Filimbi alisema kwa kunong'ona.

"Shikamoo, baba."

Alisubiri aitikiwe. Filimbi hakuitikia. Angewezaje? Alinigeukia mimi, macho yamejaa. "Mzee Chaki, hiyo usiiandike. Nakuomba."

"Nimeisema nimesimama kando ya ubao," alisema mke wangu. "Andika."

Wiki nzima nilikuwa nimelishikilia lile sharti kwa sababu lilinifaa. Sasa halikunifaa. Nilitafuta nafasi, nikaipata ndogo pale chini kabisa, nikachuchumaa, nikaliandika lile neno moja kwa herufi za bango, kubwa kadiri nafasi ilivyoruhusu. Nilipoinuka Filimbi alikuwa amegeukia ukuta wa bwawa, ameufunika uso kwa mkono, kana kwamba aliyekosa ni yeye.